Mandroni na Hesabu ya Jeshi la Mfalme

Shemeji yangu Mandroni alikuwa mtu wa kuchosha. Nalisema hili mapema, maana tangu afariki watu wa mji wetu wa Thinea wamempamba kwa sifa asizokuwa nazo: eti mpole, eti hakuwa na neno na mtu. Uongo mtupu. Mandroni alikuwa na neno na kila mtu, na neno lenyewe lilikuwa hesabu.

Kazi yake ilikuwa kuendesha nyumbu, wale watoto wa punda na farasi. Alikuwa nao tisa. Kila mwaka aliwapakia chumvi na samaki wakavu, akapanda nao milimani kwa Wathraki, akarudi na ngozi na shayiri. Miaka thelathini ya kazi hiyo ilimharibu kichwa. Ulikuwa huwezi kumtajia jambo asilipime kwa nyumbu. Ukimwambia fulani kajenga nyumba kubwa, atakuuliza mawe yalibebwa na nyumbu wangapi, kwa siku ngapi, na njiani walikula nini. Siku alipomuoa dada yangu Bito, baba alisimama mbele ya wageni akasema anamtoa binti yake pamoja na mafuta ya mwaka mzima. Bwana harusi, shada la maua kichwani, akauliza, "Mitungi mingapi?" Baba alikufa hajamsamehe.

Sasa mambo ya Mfalme. Matarishi wa Mfalme wa Uajemi walipokuja kutudai udongo na maji, kama ilivyo desturi yao kwa miji inayokubali kutawaliwa, tuliwapa. Udongo niliuchimba mimi. Mimi ni mfinyanzi, kwa hiyo wazee wa baraza waliona kazi hiyo inanistahili. Nikachimba bonge moja nyuma ya tanuri langu, nikateka maji kisimani, nikawakabidhi, nao wakapanda farasi wakaenda zao. Hakuna aliyewarushia hata kokoto. Mwenye nguvu mpishe, tuliambiana, kila mtu akarudi kazini kwake.

Miaka miwili baadaye, katikati ya baridi, akaja tarishi mwingine. Akasema jeshi la Mfalme linakwenda kuwapiga Wayunani wa kusini na litapita kwetu mwanzo wa kiangazi. Kila mji ulioko njiani utalilisha siku moja. Tukamuuliza ni watu wangapi. Akajibu bila kupepesa macho: laki kumi na saba, wapiganaji watupu, ukiacha watumishi.

Sisi wote pamoja, na watoto wa kunyonya, hatukufika elfu mbili na nusu.

Mkuu wa baraza letu alikuwa Anaksipoli, mzee mwenye shamba la mizabibu, mtu mwema kabisa. Angekuwa mbaya tungempinga. Alituita uwanjani, akatueleza kwa sauti ya msiba kwamba ghala la mji lina vibaba laki moja na nusu vya shayiri, vyote visagwe. Na kwa kuwa havitatosha, visagwe pia vile vya mbegu.

Hapo watu waligeukiana. Mbegu kwetu haiguswi. Kila nyumba baada ya mavuno huchagua shayiri iliyo bora, ikaijaza mtungini, mama wa nyumba akaziba mdomo wa mtungi kwa udongo mbichi na kugandamiza dole gumba lake juu yake. Mitungi yote hupelekwa nyumbani kwa Mungu wa kike wa nafaka, na haifunguliwi mpaka mvua za kupandia za mwaka wa pili, ili mbegu iwepo hata mavuno yakipotea. Mwaka wa njaa, nikiwa mdogo, tulichemsha ngozi za viatu tukanywa mchuzi wake, na mitungi ile ilikuwa pale pale hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu.

Mandroni akasimama.

"Mzee Anaksipoli, naomba kuuliza."

"Uliza, mwanangu. Ila usituletee nyumbu."

Watu wakacheka. Mandroni akangoja wamalize.

"Sawa, leo nyumbu wamelala. Tuseme hao watu ni laki kumi na saba. Kila tumbo kibaba kimoja kwa siku, na hapo hatujawapa hata kitunguu. Sisi tukisaga ghala pamoja na mbegu tunapata laki moja na elfu tisini. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi katika kila watu tisa, mmoja atakula na wanane watalala na njaa. Wanane wenye mikuki, mzee. Hapo mbegu itakuwa imetusaidia nini?"

Hata Anaksipoli alikuna ndevu.

"Wakiwa wengi namna hiyo tumekwisha, tusage tusisage. Wasipokuwa wengi namna hiyo, ghala litatosha. Kwa vyovyote vile, mbegu iacheni. Na tena, wakati huo shayiri ya shambani itakuwa bado haijakomaa. Farasi wao na nyumbu wao wataimaliza. Hata wakija elfu kumi wataimaliza. Tukishasaga mbegu, tutapanda nini? Meno?"

"Na wewe nani kakwambia si wengi?" akapaza sauti mmoja nyuma. "Umelala nao?"

"Lango limeniambia," akasema Mandroni, na mimi nikafunika uso kwa viganja, maana nilijua kinachofuata. Nilikuwa nimeshakisikia mezani kwake siku tatu mfululizo.

"Sikukuu ya mungu wa mvinyo mji mzima tunapita pale langoni, wanne wanne, maana njia kati ya mlima na kinamasi haipitishi zaidi. Watu elfu mbili. Mtu wa kwanza anapoingia, mke wangu hutia mkate tanurini, na wa mwisho akiingia mkate umeiva. Haya. Mchana wa kiangazi ukitia mkate na kutoa, kutia na kutoa, unapata mikupuo ishirini. Elfu mbili mara ishirini ni elfu arobaini. Basi langoni petu, kuanzia jua kuchomoza mpaka kuzama, hawapiti zaidi ya watu elfu arobaini. Laki kumi na saba watapita siku arobaini na mbili! Wa kwanza watakuwa wamefika kusini, wamepigana, wamezikana, na wa mwisho bado wako huku wanauliza njia. Na siku zote hizo wanakula nini?"

"Huyo leo kanywa mvinyo bila maji, kama Mthraki," mtu akasema.

"Kwa hiyo Mfalme mwongo?" akauliza mwingine, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mfalme simjui. Tarishi wake ndiye hajawahi kulisha nyumbu. Hilo nalijua."

Ilikuwa hesabu safi. Naandika miaka mingi baadaye na bado sijaona kasoro yake. Anaksipoli alituomba tunyanyue mikono, na mikono ikanyanyuka kama matete ya kinamasini: shayiri isagwe yote, na mbegu. Wangu ulikuwemo.

Jioni ile Mandroni alinifuata kwenye tanuri langu. Hakusalimu.

"Shemeji, hesabu uliiona?"

"Niliiona."

"Ina kasoro?"

"Haina."

"Basi mkono ulijinyanyua wenyewe? Mimi nakesha kutwanga maji kwenye kinu, nageuka nyuma namuona ndugu wa mke wangu kanyoosha mkono juu kama mtu anayechuma tini!"

Nikapandwa na hasira, maana mtu akikushika pabaya huwa huna silaha nyingine.

"Unajua ulichokuwa unatuambia pale uwanjani? Hujui. Kama hao watu ni laki kumi na saba, mimi niliyewachimbia udongo ni mtu mwenye akili zake. Hakuna mji ungesimama mbele yao. Lakini wakiwa elfu themanini, elfu tisini, na tuna ukuta, na tuna majirani, na hatukurusha hata kokoto, mimi ni nani? Baba yangu alipigana na Wathraki pale langoni akiwa na shoka la kuni. Mimi ni nani, Mandroni? Nihesabie hilo."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwake alikosa tarakimu.

"Hilo sijalihesabu," akasema.

"Basi ndilo mji mzima umepigia kura."

Bito alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. "Kaka," akaniambia, "kesho mimi ndiye natakiwa nikavunje udongo wenye dole gumba langu. Na mama yetu alikuwa akiapa kwa mitungi ile. Utakuja unishikie mkono, au wako umechoka?" Sikuenda.

Basi tukasaga. Miezi minne mawe ya kusagia hayakunyamaza, mji ukawa mweupe kwa vumbi, watu wakawa wanakohoa unga. Mandroni naye akawachukua nyumbu wake wote tisa, akawapeleka milimani kwa rafiki yake Mthraki wakafichwe, kwa sababu, alisema, jeshi la ukubwa wowote linaiba nyumbu. Vijana walimwita mwoga. Walimwimbia wimbo barabarani, wa mtu anayewapenda nyumbu wake kuliko mkewe. Aliwasahihisha idadi ya nyumbu kwenye ubeti wa pili, kisha akaenda zake.

Mwanzo wa kiangazi wakaja.

Sitadanganya, walitisha. Vumbi lao lilionekana toka asubuhi, na walipoanza kuingia langoni, wanne wanne, na mikuki yao na kofia zao za kila namna, nikajiambia: ni kweli, ni laki kumi na saba, ahsante miungu. Naam, nilishukuru. Mtu mzima na akili zangu.

Mandroni alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya lango, kokoto mapajani. Bito alikuwa akioka mkate nyuma yake, maana tulitakiwa kuwaokea pia. Kila alipoutoa mkate, Mandroni alihamisha kokoto moja toka paja la kulia kwenda la kushoto. Nilimwambia aache upuuzi, atachomwa mkuki. Akanijibu, "Sogea, unanizibia."

Wanyama wao waliingizwa mashambani siku ile ile ya kwanza. Kufikia jioni shayiri yetu, iliyokuwa ya kijani na inafika kiunoni, ilikuwa tope. Wanawake walisimama ukutani wakitazama na hakuna aliyelia kwa sauti, kwa sababu askari walikuwa wanapita chini yao wakiomba maji.

Walipita siku nzima ya kwanza. Walipita siku nzima ya pili. Siku ya tatu asubuhi, jua halijapanda sana, akapita mtu mmoja kilema akivuta mbuzi, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Barabara tupu, mavi ya farasi, na vumbi linatua.

"Elfu tisini," akasema Mandroni, akasimama kujinyoosha mgongo. "Na nimewahesabu mpaka wapishi."

"Wengine wamepita njia ya juu," nikasema.

"Njia ya juu haina maji. Nimepita mimi na nyumbu tisa nikajuta."

"Basi wengine wako kwenye merikebu."

"Merikebu hazili shayiri yetu, shemeji!"

Pale kisimani palikuwa na Mlidia mmoja, mchukuzi wa jeshi lile, Atesi, aliyebaki nyuma kwa sababu nyumbu wake alikuwa ameumia ukwato. Alijua Kiyunani cha kubabaisha. Mandroni akamtibu yule nyumbu kwa lami na kitambaa, na watu wa nyumbu ni ndugu popote walipo, wakakaa wanakula zeituni.

"Eti nyie ni laki kumi na saba?" Mandroni akamuuliza.

Atesi akacheka mpaka kokwa ya zeituni ikamkwama. "Nani kasema? Waandishi? Bwana mkubwa, sikiliza. Mkuu wangu ana watu mia tatu. Akiulizwa na waandishi, anasema mia sita, apate posho ya mia sita. Mkuu wake yeye anajua huyu mwongo, lakini naye anaongeza mara mbili yake. Mpaka habari ifike kwa Mfalme, mimi peke yangu nimeshakuwa watu ishirini. Na hao kumi na tisa wengine hawajawahi kunisaidia kubeba kitu!"

"Askari hewa," nikasema.

"Hewa tupu. Lakini posho yao inaliwa."

Nilitegemea Mandroni atatamba. Nilikuwa nimejiandaa kumsikiliza akitamba mpaka baridi irudi. Lakini aliuma zeituni zake akitazama mashamba.

Jeshi lilikula vibaba elfu tisini hivi, kama alivyosema, na kutuachia laki nzima ya unga. Kwa wiki kadhaa watu walikula mkate mpaka wakatapika, wakasema mbona mambo si mabaya. Kisha joto la kiangazi na unyevu wa kinamasi vikaingia kwenye unga, na wadudu wakafuata. Mvua za kupandia zilipokaribia, tulikuwa na rundo la uchafu wa kijivu linalotembea lenyewe. Na hata ungekuwa mzuri, unga haupandwi.

Miji ya pwani yote ilikuwa hali moja na sisi. Wenye mbegu walikuwa Wathraki wa milimani peke yao, kwa kuwa Wathraki hawakuamini hesabu ya mtu yeyote, walizika mbegu zao ardhini wakakaa juu yake. Anaksipoli aliwatumia vyetezo vya shaba na mazulia. Wakavirudisha. Walitaka wanyama wa kubeba.

Wanyama wa kubeba ambao jeshi halikuwaiba katika nchi yote hii walikuwa tisa.

Bito alinisimulia kwamba Mandroni hakusema lolote nyumbani. Alikaa siku mbili hajataja tarakimu hata moja, mpaka Bito akaogopa labda ni mgonjwa. Siku ya tatu akamwambia, "Mama watoto, nakwenda milimani," na yeye akajua. Alimwambia, "Hao ndio shamba letu, Mandroni. Hatuna kingine." Akajibu kwamba anajua ni wangapi.

Alirudi baada ya siku kumi na mbili, anatembea kwa miguu, mbele ya magari ya ng'ombe ya Wathraki. Vibaba elfu tisa. Nyumbu mmoja kwa elfu moja. Ilikuwa haifiki robo ya mbegu tuliyoisaga, lakini ukiipanda kwa kubania, mtu anaona masika mengine.

Tukakusanyika uwanjani kugawiwa. Anaksipoli akapanda juu ya jiwe, machozi yakimlengalenga, na siwezi kusema hakuwa mkweli moyoni mwake.

"Mmeona, wanangu?" akasema. "Tuliambiwa tukisaga mbegu tutakufa. Haya, mbegu hii hapa! Mungu wa kike hakututupa. Tumelisha watu laki kumi na saba, na bado tunapanda. Taja mji mwingine wenye jambo hilo!"

Watu wakashangilia. Walishangilia kweli, wengine wakakumbatiana. Mimi nikamtazama Mandroni, aliyekuwa ameinama juu ya gunia na pishi mkononi, nikangoja. Nilimwomba kimoyomoyo: sema sasa. Wavue nguo. Nivue na mimi. Siku hiyo nilikuwa tayari kuwa mtu yeyote ambaye hesabu ingesema mimi ni yeye.

Akaendelea kupima. Mjane akaja, akapimiwa. Akaja yule kijana aliyeimba wimbo, naye akapimiwa. Zamu yangu ilipofika nikainama karibu na sikio lake.

"Shemeji, waambie. Elfu tisini. Nitasimama na wewe."

Kijana wa wimbo alisikia, akageuka na kucheka, ila si kwa ubaya. "Haya, Mandroni, tuambie wewe uliyekaa na kokoto. Walikuwa wangapi?"

Bito aliacha kufunga magunia. Mandroni alinyoosha mgongo, akawatazama watu wa Thinea mmoja mmoja, jinsi alivyozoea kutazama mizigo kabla ya kuipandisha: huyu anabeba kiasi gani, yule ataangukia wapi. Mimi alinitazama mwisho, na kwa muda mrefu kuliko wengine.

"Laki kumi na saba," akasema.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule, wala kumwonea mtu haya kama nilivyomwonea yeye. Nilitaka kumshika mabega nimtikise mpaka zimtoke zile elfu tisini. Yeye alikuwa ameshainama tena.

"Kinga vizuri, shemeji, zinamwagika," akaniambia, akanipimia pishi zangu sita kama kila mtu, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.